Kidole gumba cha mguu kinauma? Usipuuze, mguu nao ni mtaji

Watu wanadhani sisi wa mtandaoni tunakaa tu na simu, kumbe asubuhi uko Kariakoo kufuata mzigo, mchana umesimama unafunga oda, jioni unakimbizana na boda. Leo tuongelee miguu.

Mama ndiye ananifuatia mzigo. Kidole gumba cha mguu kikaanza kumuuma pale kinapoanzia. Akasema ni uchovu tu, akawa anameza vidonge vya maumivu kila siku mpaka tumbo likaanza kumchoma. Alipopigwa picha hospitali, kumbe kiungo kimelika. Kitaalamu inaitwa osteoathraitisi: gegedu linalozuia mifupa isisagane linaisha taratibu.

Dalili zake:
✅ Kinauma ukitembea au kusimama sana, ukipumzika kinapoa.
✅ Asubuhi kinakaza, ila ndani ya nusu saa kinalegea.
✅ Hakikunjiki kwenda juu kama zamani.
✅ Kinaota kinundu kigumu kwa juu, kiatu kinabana.

Usichanganye na gauti. Gauti huja ghafla, mara nyingi usiku, kidole kinavimba na kuwa cha moto, hata shuka likigusa unaruka. Hapo wahi hospitali. Na kama una kisukari, maumivu yoyote ya mguu usisubiri.

Ufanyeje?
👉 Anza na kiatu: soli ngumu, mbele pana, kisigino kifupi. Kishike ukikunje. Kikikunjika kama chapati, hakikufai.
👉 Funga mizigo ukiwa umekaa. Mzigo mzito mpe mbeba mizigo.
👉 Kama uzito umezidi, punguza.
👉 Muulize mfamasia dawa ya kupaka kwanza. Vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni ukivimeza muda mrefu bila daktari vinaweza kukuletea vidonda vya tumbo na kuharibu figo.
👉 Ikishindikana kuna sindano, na mwisho kabisa upasuaji. Hayo aamue daktari.

Jamani, gegedu likishalika halioti upya. Ukiletewa dawa ya "kurudisha gegedu" uiuze kwenye ukurasa wako, ikatae hata kama faida ni nono. Anayeinunua ni mama wa mtu.

Mama sasa anavaa raba ngumu, Kariakoo anaenda mara moja kwa wiki, siku nyingine naenda mwenyewe. Kidole hakijapona, ila anatembea.

Wewe unafunga oda umekaa au umesimama? Tuambie hapo chini 👇