Nyumba za miaka ya 1950 na jua la Mboko

Mwaka 2007, katika mnada mmoja wa New York, nyumba ya chuma na aluminiamu iliyosimama Brazzaville kwa karibu nusu karne ilinunuliwa kwa dola milioni 4.97. Aliyeibuni ni Mfaransa Jean Prouvé. Iliundwa kiwandani Ufaransa, ikasafirishwa vipande vipande, kisha mwaka 1951 ikaungwa pale Brazzaville, ng'ambo ya mto mkabala na Kinshasa. Ya kwanza ilikuwa imetangulia Niamey, Niger, mwaka 1949. Prouvé alitumaini kuziuza kwa wingi katika makoloni. Zilijengwa tatu tu, kwa kuwa zilikuwa ghali, na wakoloni wenyewe hawakuvutiwa na makao yenye sura ya mashine. Karibu na mwaka 2000 mfanyabiashara kutoka Paris alizinunua zote tatu, akazifungua, akaondoka nazo.

Matajiri walilipia jina la mbunifu na uchache wa kazi yake. Mimi hunivutia zaidi namna ile nyumba ilivyopumua: paa la tabaka mbili lenye nafasi katikati ili hewa ya moto ipande na kutoka juu, na kibaraza kilichozungushiwa vibao vya kukinga jua. Ujuzi huo haukufungashwa kwenda Paris. Tunao Bukavu, tunao Bujumbura, na fundi wa kwetu Mboko, kando ya Ziwa Tanganyika, anaweza kuutumia kesho asubuhi kwa tofali za kuchoma.

Mtindo huo wa nyumba za kisasa ulienea duniani baada ya 1945. Vita Kuu vya Pili vilikuwa vimekwisha, familia zilitaka makao upesi, na chuma, saruji na vioo vilikuwa vikitoka viwandani kwa wingi. Huko California, Joseph Eichler, aliyekuwa mfanyabiashara na si mbunifu, alijenga nyumba zaidi ya 11,000: za chini, paa la mteremko mdogo, boriti zilizoachwa wazi, jiko na sebule bila ukuta wa kutenganisha, na upande wa uani kioo kuanzia sakafuni hadi juu. Aliwauzia Wamarekani weusi wakati wajenzi wengi wa nchi ile waliwafungia mlango, na hilo lastahili kukumbukwa anapotajwa.

Kioo kingi chini ya jua letu ni adhabu. Waliofanya kazi katika nchi za joto walilijua hilo mapema. Waingereza Maxwell Fry na Jane Drew, waliojenga shule na vyuo Afrika Magharibi, walichapisha mwaka 1956 kitabu kizima kuhusu ujenzi wa nchi za joto na unyevu, na mashauri yao yanaeleweka hata na asiyewahi kushika rula: zuia jua kabla halijagusa ukuta, ruhusu upepo upite nyumba nzima, na peleka mvua mbali na msingi. Hapo ndipo nyumba ya kisasa ya California ilipobadilika. Kioo kikapungua, yakaja matofali ya matundu, yale mafundi wa Kongo wanayoyaita klostra. Paa likatoka nje ya ukuta kwa hatua nzima.

Kongo ya Wabelgiji iliingia katika mkondo huu kwa fedha za Mpango wa Miaka Kumi ulioanza 1949. Mwaka 1952 iliundwa OCA, ofisi ya serikali ya kujenga mitaa ya Waafrika. Ilijenga Bandalungwa na Matete kule Kinshasa, Bagira kule Bukavu, na Ngagara kule Bujumbura, mji ambao wakati huo uliitwa Usumbura. Wenyeji wa Bujumbura bado huutaja mtaa wa Ngagara kwa jina la OCAF. Mwaka 1955, baada ya ziara ya Mfalme Baudouin, ukaanzishwa Mfuko wa Mfalme wa kuwasaidia Wakongo kupata nyumba zao. Kwa upande wa pili wa mji wa Bukavu, penye rasi za Ziwa Kivu, pale Muhumba na Nguba, Wazungu walijijengea majumba yenye madirisha mapana ya fremu za chuma, sakafu za granito, na bustani zinazoshuka hadi majini.

Siwezi kuyasifu majumba yale bila kutaja kibanda cha nyuma. Karibu kila jumba la rasini lilikuwa na boyeri yake, chumba cha mtumishi, kimewekwa mahali ambapo mwenye nyumba asingekiona akiwa barazani. Ramani za miji zilitenganisha watu kwa rangi, na kati ya mtaa wa Wazungu na ule wa Waafrika uliachwa uwanja mtupu kwa makusudi. Hata nyumba za OCA, pamoja na uzuri wake, zilipimwa kwa familia ambayo Wabelgiji waliitaka: baba mwenye kazi ya ofisi, mama, na watoto wachache. Shangazi, mjomba, mpwa aliyekuja kusoma, mgeni wa kutoka kijijini, wote hao hawakuwamo kwenye ramani. Walioingia humo walizirekebisha upesi. Jiko lilitolewa nje, kwa sababu ugali wa muhogo na samaki wa kukaangwa kwa mawese vinataka nafasi na moshi unaoondoka. Ua ukaongezwa chumba, kisha kingine.

Nyumba moja ya aina hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu. Ni ndogo, inashirikiana ukuta na jirani, na paa lake lina mteremko wa upande mmoja. Upande wa juu wa mteremko, chini kidogo ya paa, kuna mstari wa matundu yasiyofungwa kamwe. Upande wa chini kuna dirisha. Hewa baridi huingia dirishani, hupata joto la watu na la taa, hupanda, hutokea matunduni. Hakuna mtambo wala waya. Pembeni mwa mlango, badala ya ukuta mtupu, kuna klostra ya zege, matundu ya mraba yenye upana wa kiganja, na kila tundu ni refu kwenda ndani kuliko lilivyo pana. Urefu huo ndio siri. Jua la mshazari, kwa sehemu kubwa, linagonga kingo za matundu na kubaki humo, na mvua ya upepo inamwagikia kwenye kingo hizo hizo kabla haijafika ndani. Aliye ndani anamwona apitaye njiani, na apitaye hamwoni aliye ndani. Jua linapokuwa chini vivuli vya matundu hutembea sakafuni, na watoto hupenda kuvikanyaga.

Jambo moja la hatari: mapaa mengi ya miaka ile, katika nchi nyingi, yalitengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na asbesto. Vumbi lake likivutwa linaweza kuua polepole kwa saratani. Anayemiliki nyumba ya namna hiyo asilikate paa kwa msumeno wala kulivunjavunja.

Mboko haikupata nyumba za OCA. Ofisi ile ilijenga penye miji mikubwa, na pwani yetu ya Fizi ilikuwa nchi ya mawese, pamba na ndagala. Kisha yakaja mengine. Uasi wa 1964 ulifika Fizi na Baraka, na milima ya nyuma yetu ikawa uwanja wa vita kwa miaka. Mwaka 1996 maelfu walivuka ziwa kwenda Kigoma, wakapewa kambi ya Nyarugusu, na wengi wakaishi humo miaka ishirini na zaidi chini ya maturubai na tofali mbichi. Anayerudi kutoka huko anataka nyumba ya kudumu, na hamu hiyo naiheshimu kuliko mtindo wowote.

Lakini tazama tunachojenga. Picha inatoka kwenye simu: ghorofa ya Dar es Salaam au Bujumbura, paa limefichwa nyuma ya ukuta, vioo vyeusi, vigae vinavyong'aa, dirisha upande mmoja tu wa chumba. Mabati yanapigiliwa moja kwa moja juu ya vichwa vya watu, na hakuna tundu chini yake. Saa nane mchana chumba kinakuwa tanuri, wenyeji wanahamia chini ya mwembe, na ile sebule ya gharama kubwa inabaki na makochi yake peke yake. Mwenye pesa ananunua feni na jenereta. Asiye nazo analala mlango wazi, na huko si salama.

Mahali petu pana tabia yake. Ziwa liko mashariki, milima ya Itombwe iko magharibi. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unashuka kutoka milimani. Kwa hiyo nyumba inayotaka hewa lazima ifunguke pande hizo mbili. Shida ni kwamba jua nalo linachoma pande hizo hizo, asubuhi upande wa ziwa na alasiri upande wa mlima. Fundi anayeziba madirisha kuzuia jua amezuia na upepo. Wajenzi wa miaka ya 1950 walilitatua hili kwa baraza na klostra pamoja. Hapa tulipo, karibu na ikweta, saa tatu asubuhi jua limefika nusu ya njia ya kupanda. Paa lililotoka nje mita moja na nusu kuelekea ziwani linakuwa limetia kivuli mita moja na nusu ya ukuta, nalo dirisha limo ndani ya kivuli hicho. Kabla ya saa hiyo, jua likiwa bado chini, klostra ndiyo inayolipunguza makali. Alasiri tumesaidiwa na milima, ambayo inalificha jua kabla ya saa kumi na mbili.

Gharama si ya kutisha. Saruji inapanda kwa mashua kutoka kusini, au inashuka kwa lori kutoka Uvira, na bei yake inauma, ila klostra inakula saruji kidogo kwa sababu nusu yake ni hewa. Mbao ndefu za paa zinaongeza gharama kweli. Mwenye bajeti finyu aanze na baraza la upande wa ziwa peke yake.

Bukavu hazina hii inapotea. Viwanja vya rasini vinakatwa vipande, majumba yanabomolewa kupisha ghorofa, na matofali ya matundu yanatupwa kama kifusi. Orodha ya nyumba zinazostahili kulindwa ingekuwa mwanzo, na wanafunzi wa ujenzi wangeweza kuzipima na kuzichora kabla hazijaisha.

Kwetu Mboko jambo ni la haraka zaidi. Karibu na mwaka 2020 ziwa lilianza kupanda, na mwaka 2024 lilimeza nyumba na barabara kutoka Uvira hadi Kalemie. Waliopoteza makao wanapima viwanja vipya juu zaidi, na kamba zinavutwa sasa hivi. Anayevuta kamba achore mlango wa ziwani na dirisha la mlimani vikabiliane. Aache tofali moja wazi kila hatua chini ya bati, aweke wavu wa mbu hapo. Kalibu ya klostra ni mbao nne na kipande cha bomba la mraba. Seremala yeyote wa sokoni anaipiga kwa nusu siku, na vijana wawili wakichanganya mchanga uliochekechwa wanaweza kumwaga klostra za kutosha baraza zima kabla tofali za kuchoma hazijapoa kwenye tanuri.