Paka wa Nyumba Haingwa, Lakini Mwenyewe Ni Nani?

Sisi watu wa pwani tuna msemo kuwa paka wa nyumba haingwa. Aliye wa nyumbani hafukuzwi, hata akidokoa jikoni. Kwa miaka mingi niliutumia msemo huu nikiamini kuwa katika mambo ya paka hakuna wa kutufunza sisi. Twala nao samaki, twakaa nao barazani, na msikitini huingia wakatoka bila ya mtu kuwasumbua. Kumbe nilikuwa bado na la kujifunza, na somo lenyewe lilinijia kwa simu kutoka mbali.

Mpwa wangu yuko Marekani, jimbo la California, miaka kadhaa sasa. Usiku mmoja baada ya Isha alinipigia simu. Alipokwisha kuniamkia na kuniuliza hali za nyumbani, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, paka wangu amekamatwa."

Nilicheka, nikamwuliza ameiba nini.

"Hakuiba kitu, Mjomba. Alitokea dirishani akapotea siku mbili. Jirani alimwona hana ukanda shingoni, akampeleka kwenye kituo cha wanyama. Nimekwenda nimemkuta, lakini wasema hawanipi mpaka atiwe nambari mwilini. Tena kwa kuwa ni dume ambaye hajahasiwa, nilipe faini, na wanihimiza nimhasi. Sasa nakuuliza, dini yetu yaruhusu?"

Hapo kicheko kilinikatika. Nilimwambia anipe siku mbili tatu nikaulize.

NAMBARI CHINI YA NGOZI

Kwanza nilitaka kuielewa sheria yenyewe. Huko California mnyama aliyeokotwa njiani hupelekwa kituoni. Sheria iliyopitishwa mwaka 1998 yataka mwenyewe asubiriwe siku sita za kazi, au nne ikiwa kituo hufunguliwa jioni au mwisho wa wiki ili watu wa kazi wapate nafasi ya kwenda kutafuta. Muda huo ukipita bila ya mtu kutokea, mnyama aweza kupewa mlezi mwingine, na akikosekana mlezi aweza kuuawa. Kwa hiyo mnyama asiye na alama ya mwenyewe huwa hatarini, hata kama nyumbani kwake apendwa kama mtoto.

Ndiyo sababu, tangu Januari 2022, kituo hakiruhusiwi kumtoa mbwa wala paka, kwa mwenyewe au kwa mlezi mpya, kabla hajatiwa maikrochipu. Husamehewa mnyama ambaye afya yake haiwezi kustahimili, na mwenye mnyama ambaye hana uwezo wa kulipa. Kidude hicho ni kidogo kama punje ya mchele. Hutiwa kwa sindano chini ya ngozi, baina ya mabega. Hakina betri, wala hakimwonyeshi mtu paka wake yuko mtaa gani, kama wengi wanavyodhani. Ndani yake mna nambari tu, kwa kawaida ya tarakimu 15. Kituoni hupitisha chombo cha kusomea juu ya mgongo wa mnyama, nambari ikatokea, na kwenye daftari la nambari hizo wakampata mwenyewe. Mwenyewe akibadilisha simu au akahama bila ya kuarifu, kidude hakina faida.

Kuhusu kuhasi, sheria ya jimbo hutoza faini mnyama akiokotwa naye hajahasiwa. Mara ya kwanza ni dola 35, mara ya pili dola 50, na kuanzia mara ya tatu dola 100. Mji wa Los Angeles ulikwenda mbali zaidi. Mwaka 2008 uliagiza mbwa na paka wote waliopita umri wa miezi minne wahasiwe, isipokuwa wachache wenye udhuru au kibali.

MWALIMU ANENA

Siku ya pili baada ya Alasiri nilimwendea mwalimu mmoja ambaye humuuliza mambo yakinitatiza. Nilimweleza kisa chote. Alinisikiliza huku akipapasa shanga za tasbihi yake.

Juu ya nambari hakusita. Alinikumbusha kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alionekana akiwatia alama kwa chuma cha moto ngamia wa zaka ili wajulikane, na akakataza mnyama kuchomwa usoni. "Alama ya kumtambulisha mwenye mali si jambo jipya," alisema. "Na sindano ni nyepesi kuliko moto."

Juu ya kuhasi alikwenda pole pole. Alisema neno lenyewe twalitoa katika Kiarabu, kama tulivyolitoa neno maksai, na wafugaji wetu wamehasi mbuzi na ng'ombe tangu zamani bila ya kuona ajabu. Lakini sisi ni watu wa madhehebu ya Shafi. Imam Nawawi, aliyeishi karne ya 13, ameandika kuwa mnyama anayeliwa yafaa kumhasi angali mdogo, ama asiyeliwa ni haramu. Paka haliwi. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wao wameruhusu panapokuwa na manufaa. Na katika wanazuoni wa zama zetu, Sheikh Muhammad bin Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, alisema kuwa paka wakiwa wengi na wakaleta udhia, na upasuaji usiwadhuru, hapana ubaya, kwani hilo ni bora kuliko kuwaua. Wasipoleta udhia, huenda kuwaacha wazae ni bora zaidi.

Uturuki, ambako Waislamu wengi ni Hanafi, sheria ya mwaka 2004 iliwaagiza wakuu wa miji wawakamate wanyama wa mitaani, wawahasi na kuwachanja, kisha wawarudishe walipowatoa. Mwaka 2024 sheria hiyo ilibadilishwa kwa upande wa mbwa, ikaamriwa wakusanywe wawekwe vituoni.

Nilipotaka kuinuka mwalimu alinishika mkono. "Umeniuliza paka wa California," alisema. "Mbona wa hapa hukuniuliza?"

KIKAPU CHA BIBI

Msomaji, swali hilo nilikwenda nalo nyumbani na halikuniacha nilale. Lilinirudisha utotoni, nikiwa na umri wa miaka kumi hivi. Paka wa bibi yangu alizaa watoto watano chini ya kitanda. Walipofungua macho, bibi aliwatia katika kikapu cha ukindu akanifunika na kitambaa juu yake, akaniambia niwapeleke soko la samaki nikawaache. "Mungu hamtupi kiumbe wake," alisema.

Niliwaacha nyuma ya meza za wauzaji. Siku ya pili nilikwenda kuwatazama, nikawakuta wawili. Siku ya tatu sikumkuta hata mmoja. Nyumbani mama yao alizunguka chumba hadi chumba akilia, na mausiku matatu hatukupata usingizi. Miezi michache baadaye alizaa tena, na kikapu kikateremshwa tena kutoka ukutani.

Bibi hakuwa na moyo mgumu. Hakuanza kula kabla hajamnyofolea paka wake samaki. Lakini paka hubeba mimba kiasi cha miezi miwili tu, huzaa watoto wanne au zaidi, na binti aweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka. Kwa mwendo huo hapana nyumba iwezayo kuwalea wote. Bibi alijua njia moja tu.

Chuoni twafunzwa kisa cha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Twafunzwa pia kisa cha mtu aliyesamehewa madhambi kwa kumpa maji mbwa mwenye kiu. Twavisimulia visa hivi kwa machozi, kisha kikapu chaenda sokoni. Najiuliza, wale watoto watano walikuwa wa nani? Mimi niliyewabeba, au bibi aliyenituma? Hakuna aliyesema ni wangu.

Wazee walitusimulia pia habari za Sultani Majnuni, aliyempenda paka wake mno hata akapuuza kila shtaka lililoletwa juu yake. Paka huyo alikua akawa Nunda, mla watu, hata wana wa sultani mwenyewe wakaliwa. Sultani hakukosa mapenzi. Alikosa kuwajibika kwa kilicho chake.

Na hapo ndipo nilipoona maana ya sheria ile ya ugenini. Ile nambari chini ya ngozi yamwambia mtu: huyu ni wako, akipotea utaitwa, akizaa utaulizwa.

Nilimpigia mpwa wangu nikampa kauli zote alizonipa mwalimu, bila ya kumfichia ile ya madhehebu yetu. Nambari alikwisha kumtia paka wake, na faini amelipa. Juu ya kuhasi alikwenda kumwuliza imamu wa huko, kisha akaamua. Paka alipigwa sindano ya usingizi, na jioni yake alikuwa akidai chakula.

Nami nina paka jike, hajazaa bado. Mwalimu hakunikatia shauri, aliniachia mwenyewe nipime baina ya kisu na kikapu. Nimepima. Mungu anisamehe nikikosea, lakini kikapu nakijua kilivyo. Juma lijalo nitampeleka kwa daktari wa wanyama afungwe kizazi. Kikapu nitakachombebea ni cha ukindu kama kile cha bibi, ila safari hii nitarudi nacho na paka wangu akiwa ndani.