Njia tatu za baiskeli pwani: wapi fedha yako inanunua utulivu

Anayetaka kuitembea pwani ya Tanzania kwa baiskeli huanza kwa kuuliza bei ya baiskeli. Ningemshauri aanze na swali jingine: katika safari nzima, ni kilomita ngapi atakazopita bila lori kumbana ukingoni? Utulivu wa barabara ndicho anachokinunua, na dukani hakiuzwi. Hupatikana kwa nauli ya basi linalomtoa mjini, kwa chumba cha gesti kinachomwezesha kuondoka alfajiri, na kwa kuchagua mwezi ambao upepo unamsukuma mgongoni. Mwenye kulipia hayo anatosheka na baiskeli ya kawaida, mradi breki zake ni nzima.

Njia tatu ninazolinganisha hapa zote zinapita mashambani na zote zina mji au magofu ya kale. Kwa kuwa nauli na bei za vyumba hubadilika, nimehesabu vitu unavyovilipia: usafiri, usiku na viingilio. Uliza bei za wiki yako, jumlisha, utajua safari itakugharimu kiasi gani.

Dar es Salaam hadi Bagamoyo

Hii ndiyo nafuu kuliko zote. Hakuna bahari ya kuvuka wala basi la safari ndefu, na mwenye mapafu anaweza kwenda na kurudi bila kulala. Kutoka katikati ya jiji ni kama kilomita 65 hadi 70. Unafuu huo una bei yake: hii pia ndiyo njia yenye kelele nyingi. Kutoka Mwenge hadi Tegeta na Bunju unagombea nafasi na daladala na bodaboda. Ukishapita Bunju msongamano unapungua, lakini hauishi, maana mabasi na malori mengi ya Tanga na kaskazini hupita Bagamoyo na kutokea Msata.

Kwa hiyo nauli ya kupakia baiskeli hadi Bunju au Mapinga ni fedha iliyotumika vizuri. Elewana na konda kabla hajaipandisha. Kilomita zinazobaki unaweza kuzimaliza kabla jua halijawa kali. Pia panga kulala Bagamoyo, kwa sababu utamu wa safari hii uko mwishoni. Misheni ya Wakatoliki ilianzishwa mwaka 1868, na mnara wa kanisa lake la zamani ndimo mwili wa Livingstone ulimolazwa Februari 1874 kabla ya kusafirishwa kwenda Zanzibar na kisha Uingereza. Boma la Wajerumani linakumbusha kwamba hapa palikuwa makao makuu ya utawala wao hadi 1891. Kilomita kama tano kusini ya mji, kwa njia tulivu, yapo magofu ya Kaole yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Anayerudi siku hiyo hiyo analipia barabara na kuuacha mji.

*Unacholipia:* nauli fupi kwenda na kurudi, usiku mmoja, viingilio viwili au vitatu.

Tanga hadi Pangani

Hapa gharama kubwa ni kufika. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya basi ya kilomita 350 hivi, na baiskeli hulipiwa kama mzigo. Mkazi wa Tanga, Muheza au Korogwe anaokoa karibu gharama hiyo yote, na kwake sioni njia inayoshindana na hii.

Umbali ni kama kilomita 50. Barabara inapita minazi, mashamba ya mkonge na vijiji ambako magari ni machache. Kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi, na kazi ya kuiwekea lami imebadilisha hali yake kipande kwa kipande, basi waulize madereva wa Pangani pale stendi ya Tanga kabla ya kuanza. Matairi mapana yatakufaa. Kiasi cha kilomita 17 kutoka Tanga kuna Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Simama hapo, pumzika, kunywa maji.

Pangani yenyewe ni mji mdogo kwenye mdomo wa mto, wenye nyumba za kale zinazotazama maji. Ndipo Wajerumani walipomnyonga Bushiri bin Salim, Desemba 1889, baada ya kuongoza upinzani wa pwani dhidi yao. Ng'ambo ya mto, upande wa Kikogwe, ndiko miche michache ya mkonge iliyonusurika safari kutoka Marekani ilikopandwa mwaka 1893 na mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf. Ukivuka hadi Bweni na kuendesha taratibu kati ya mashamba, unauona mwanzo wa zao lililoijenga Tanga na kuwatoa watu makwao, mbali, kuja kufanya kazi ya manamba.

*Unacholipia:* basi refu kwenda na kurudi kwa anayetoka Dar es Salaam, usiku mbili, nauli ndogo ya kuvuka mto, chakula cha mama lishe.

Unguja: mjini, Mangapwani na Kizimkazi

Unguja humgharimu zaidi anayetoka bara, kwa sababu ya boti, ila ndiyo rahisi zaidi kwa asiye na baiskeli. Za kukodi ni nyingi Mji Mkongwe na kwenye fukwe za mashariki, kwa hiyo huna haja ya kuvusha yako.

Una pande mbili za kuchagua. Kaskazini, Mangapwani iko zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini. Njiani kuna magofu ya Maruhubi, jumba la Sultani Barghash lililoungua mwaka 1899. Mwendo huu unamtosha anayeanza. Kusini, kupitia Tunguu na msitu wa Jozani wenye kima punju, unafika Kizimkazi Dimbani, penye msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ni zaidi ya kilomita 50 kwenda tu, kwa hiyo lala huko, au urudi kwa daladala huku baiskeli ikiwa juu ya paa.

Ndugu wanaokuja kutoka Ulaya au Ghuba na pasi za kigeni wakumbuke bima ya Zanzibar: tangu Oktoba 1, 2024 mgeni wa kigeni hutakiwa kulipia dola 44. Kwa safari ya siku mbili, hiyo ni sehemu kubwa ya bajeti.

*Unacholipia:* boti kwenda na kurudi, kukodi baiskeli, usiku mmoja au mbili, viingilio.

Upepo hauna nauli

Kusi, hasa Juni hadi Septemba, hukusukuma kuelekea kaskazini: msimu wa Bagamoyo na Mangapwani. Kaskazi, Desemba hadi Februari, hukusukuma kusini: msimu wa Pangani na Kizimkazi. Nenda na upepo, rudi na gari. Masika, Machi hadi Mei, epuka barabara za udongo.

Kununua au kukodi

Gawanya bei ya baiskeli ya mtumba kwa kodi ya siku moja. Jibu ndilo idadi ya siku unazopaswa kuendesha kabla kununua hakujakulipa. Ukinunua, chagua magurudumu ambayo fundi wa kijijini anayajua, ya inchi 26 au 28. Baiskeli ya mbio yenye matairi membamba inapendeza kwenye lami, lakini ukipata pancha karibu na Tongoni hutapata tyubu yake. Beba tyubu mbili, viraka, pampu, na maji ya angalau lita moja kwa kila saa ya jua. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, hasa Unguja. Chukua chakula, na ule faraghani. Kitambulisho cha taifa kiwe mfukoni, maana kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni.

Uamuzi wangu

Anayejaribu kwa mara ya kwanza aende Bagamoyo, apande basi hadi nje ya jiji, alale. Asiye na baiskeli aende Unguja. Mwenye siku tatu na anayetaka barabara tulivu kwa kila shilingi aliyoitoa, aende Pangani. Na kama bajeti inakulazimisha kuacha kitu, acha baiskeli ya bei kubwa, usiache usiku wa pili: ndio unaokupa siku nzima ya kuvuka mto na kuendesha bila kuitazama saa ya basi.