Mchwa Wasitubomolee Nyumba

Juzi tulimtembelea mama mmoja mjane. Nguzo ya nyumba yake ilionekana nzima, lakini tulipoibonyeza, kidole kiliingia ndani. Mchwa walikuwa wamekula mti wote, wakabakiza ganda tu.

Mchwa hutoka ardhini. Hawapendi mwanga wala ukavu, kwa hivyo hupanda ukutani kwa vijia vya udongo. Tufanye hivi:

1. Kila wiki tukague kuta na nguzo. Kijia tukivunje, kikijengwa tena, basi bado wanakula.

2. Kuni na mabua tuyaweke mbali na ukuta. Maji ya mvua tuyachimbie mtaro.

3. Kabla ya kung'oa nguzo iliyoliwa, tuegemeze paa kwanza. Mpya tusiichimbie chini: fundi aifunge kwa chuma juu ya mawe na simiti. Hapo mchwa wakipanda, kijia chao tutakiona.

4. Dawa ya shamba tusimwage nyumbani. Dieldrin, iliyotumika zamani kuua mchwa, ilipingwa na Mkataba wa Stockholm wa 2001, maana sumu yake hukaa udongoni na mwilini miaka mingi.

Mtu mmoja hawezi kuinua paa peke yake. Kikundi kianze na nyumba za wajane na wazee.