Makao ya Wakimbizi Huanzia Wapi?

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu wengi walivuka Mto Ruvuma, nao wakapewa makao huku kusini, kama vile Muhukuru na Lundo. Je, makao ya namna hiyo huanzia wapi?

Wengi hudhani huanzia kwenye nyumba. Sivyo, huanzia kwenye maji. Kwanza fundi huchagua mahali penye mteremko mdogo, ili mvua isituame. Kisha hupima maji: kila mtu apate lita 15 kwa siku, na bomba lisiwe mbali na nyumba kupita mita 500. Choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20, nacho kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, kwa maana uchafu hupenya ardhini. Ndipo zifuate nyumba, kila mtu apate mita za mraba 3.5 chini ya paa.

Mambo haya yakipuuzwa, aliyeponyoka risasi aweza kuuawa na kipindupindu. Basi ndugu wasomaji, tunaposoma hesabu na jiografia, tukumbuke kwamba vipimo hivi ni uhai wa watu.