Klorini: Kwa nini maji ya chemchemi bado huhitaji kutibiwa

CHEMCHEMI iliyojengewa kwa saruji, yenye maji maangavu yatiririkayo kwenye bomba, si thibitisho kwamba maji yatakayonywewa nyumbani ni salama. Kwa wakazi wa Mabanga na sehemu nyingine za Bungoma wanaoteka maji kwa mitungi, hatari kubwa huanza baada ya mtungi kujaa.

Utafiti uliofanywa Busia, kaunti jirani, na kuchapishwa mwaka 2011 na Michael Kremer pamoja na wenzake, ulibainisha jambo hilo. Chemchemi zilipojengewa, uchafu wa kinyesi ulipungua kwa asilimia 66 pale chemchemini. Katika maji yaliyohifadhiwa nyumbani, ulipungua kwa asilimia 24 pekee. Mikono, vikombe na mitungi isiyosuguliwa huyachafua maji upya, na watoto wachanga ndio hulipia kwa kuhara.

Hapa klorini huushinda hata moto. Kuchemsha huua vijidudu, lakini maji yakishapoa hayana kinga tena. Klorini huua bakteria na virusi vingi, kisha kiasi fulani hubaki majini kikilinda. Ile harufu ambayo wengi huilalamikia ndiyo dalili kwamba mlinzi yu kazini.

Wataalamu waliofanya kazi eneo hilo hatimaye waliweka matangi madogo ya klorini kando ya chemchemi zenyewe. Mchotaji huzungusha vali mara moja, zikatoka mililita 3 kwa mtungi wa lita 20. Mtikisiko wa safari ya kurudi nyumbani huichanganya dawa, na muda wa kutembea huhesabiwa katika zile dakika 30 zinazohitajika kabla ya kunywa. Ni ubunifu wa kupendeza kwa urahisi wake, ila humtegemea mtu wa kulijaza tangi kila linapokauka.

Maji ya tope ni shauri jingine. Uchafu huila klorini kabla haijawafikia vijidudu. Sharti maji yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha dozi iongezwe maradufu. Aidha, kimelea kiitwacho Cryptosporidium hustahimili klorini, lakini hufa maji yakichemka.

Tahadhari moja: dawa ya kufulia nguo nyeupe haina nguvu sawa na klorini ya maji ya kunywa, na nyingine hutiwa manukato. Kipimo kilichoandikwa kwenye chupa moja kisitumiwe kwa nyingine.