Kitufe Kimoja, Mashine Mbili

Mwanafunzi anapojiandikisha kwa mtihani katika ukurasa wa tovuti na kubonyeza kitufe, kazi hufanywa na mashine mbili. Kivinjari, kilicho katika kompyuta yake, hutuma ombi. Seva, iliyo mbali, huhifadhi jina lake na kurudisha jibu. Seva haiwezi kuendesha skripti yenyewe ndani ya kivinjari. Huiandika tu ndani ya jibu, nacho kivinjari huitekeleza kinapolipokea.

Katika ASP.NET, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2002, amri ya kazi hiyo ni RegisterStartupScript. Amri hii huiweka skripti karibu na mwisho wa fomu, ili visanduku inavyovitaja viwe vimekwisha kuwapo. Iwapo ni sehemu tu ya ukurasa inayobadilishwa kwa UpdatePanel, sharti skripti isajiliwe kwa ScriptManager. La sivyo, haitatekelezwa.

Utaratibu huu si jambo dogo. Skripti iliyofungwa kwenye kitufe chenyewe huitangulia seva: ikitangaza «Umeandikishwa», imetangaza kabla ya tendo. Mwanafunzi ataondoka akiwa na furaha, kumbe huenda jina lake halimo katika orodha. Basi, tangazo na lifuate tendo.